Kazi Iko Nairobi, Mimi Niko Winnipeg

Ofisi yetu ya Nairobi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Winnipeg, Kanada, wakati huo, kama ni msimu wa baridi, bado ni saa tano ya usiku uliotangulia. Wao wakifunga saa kumi na moja jioni, sisi huku ndio kwanza saa mbili asubuhi. Sasa liweke na jua kwenye hesabu hiyo. Siku za mwisho za Desemba linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mtu anayefuata saa za ofisi ya Nairobi huzima kompyuta jua halijatoka, hulala, na akija kuamka anakuta giza lingine. Wiki nzima inaweza kumpita asilione jua ila kwenye picha anazotumiwa na watu walioko Nyali, Mombasa.

Msimu wangu wa kwanza wa baridi niliishi hivyo. Ofisi ilikuwa imeniruhusu nihame na kazi yangu kwa sharti la kupatikana kila ninapotafutwa, na aliyepewa ruhusa ya namna hiyo hana ubavu wa kuanza kudai mengine. Kazi yenyewe ni ya vitabu vya hesabu: naingiza risiti, naandaa mishahara, napeleka marejesho ya kodi ya wateja. Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yeye akitoka, mimi naingia kitandani. Tulikuwa tukizungumza kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye mlango wa friji. Kufika Februari viungo vinauma, hasira ziko karibu, na usingizi haushibi hata nikilala kwa muda wa saa kumi. Daktari alinipima damu, akaniandikia vitamini D, kisha akauliza, "Na nje huwa unatoka saa ngapi?"

Jioni ile nilikaa na karatasi nikaipanga siku upya kama ninavyopanga hesabu za mteja. Saa kumi na moja alfajiri ya Winnipeg ni saa nane mchana Nairobi. Nikianza hapo, nina saa tatu za kuwa pamoja na ofisi kabla hawajaondoka, na mikutano yote inaweza kuwekwa alasiri yao. Wakishafunga naendelea peke yangu, simu kimya, mpaka saa saba mchana. Wao wakirudi asubuhi wanakuta kazi tayari. Meneja alikubali shingo upande. Baada ya mwezi alikuwa akiwasimulia wateja kwamba hesabu zao hutengenezwa usiku, kana kwamba mpango ule aliubuni yeye.

Kuna mambo ya saa ambayo hayapangiki, unayafuata tu. Kenya marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kodi ya mishahara tarehe 9. Tarehe 20 ya Nairobi huku kwetu msimu wa baridi inakata roho saa tisa mchana, mchana kweupe, na kalenda ya ukutani bado inakwambia una siku. Ndiyo maana saa ya kompyuta ya kazi nimeiacha kwenye majira ya Nairobi. Halafu kuna hii desturi ya kusogeza saa: Jumapili ya pili ya Machi Winnipeg inasogea mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba inarudi nyuma, na Nairobi haijali lolote kati ya hayo. Kwa hiyo kiangazi tofauti yetu inakuwa saa nane. Ramadhani ya 2025 mchezo huo ulitukuta ndani ya mfungo. Tarehe 8 Machi tulifuturu kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Kesho yake ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Binti yangu alilalamika kwamba serikali imemwongezea saa ya njaa, na ilinibidi nimwonyeshe kwamba daku nayo imesogea.

Juni mambo yanageuka kabisa. Jua linazama saa tatu na dakika arobaini usiku, Isha inasogea kuelekea usiku wa manane, na kabla hujalala vizuri Alfajiri hiyo. Kiangazi naanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, nalala kidogo mchana, na pazia la chumbani ni lile zito lisilopitisha mwanga. Hilo nunua mapema, kabla ya zulia, kabla ya televisheni.

Lakini nataka nikae kwenye zile saa za mwanga za msimu wa baridi, kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na nusu, kwa sababu hapo ndipo ninapoishi Winnipeg. Kabla ya hapo niko Nairobi, baada ya hapo niko ndani ya nyumba. Mji huu ulikuwa na watu wapatao laki saba na nusu kwenye sensa ya 2021, uko upande wa mashariki wa uwanda wa Kanada pale mto Red unapokutana na Assiniboine, na ukubwa wake ndio unaoufaa mtu wa namna yangu. Nikifunga kompyuta naweza kufika maktaba, dukani na msikitini na kurudi mwanga ukiwa bado upo. Ndugu zangu walioko Toronto wakitoka na kurudi, siku imekwisha barabarani.

Siku za baridi kali naenda Maktaba ya Millennium, katikati ya mji. Kadi ni bure kwa mkaazi, meza zipo, wi-fi ipo, na majengo mengi ya pale yameunganishwa kwa njia zilizofunikwa zinazopita juu ya barabara, unatoka jengo hili kuingia lile bila kuvaa koti. Sifuati vitabu sana, nafuata watu. Anayefanya kazi nyumbani kwa kampuni ya mbali hana mwenzake wa kumsalimia mlangoni wala wa kumwuliza fundi mzuri yuko wapi. Pale maktaba ndipo mzee mmoja kutoka Bujumbura aliponielekeza wapi pa kutafsiriwa vyeti, na mama mmoja Mkanada aliponiambia kuhusu herufi za mitaa. Theluji ikizidi, jiji hutangaza siku ya kusafisha barabara za makazi, na kila eneo lina herufi yake. Zamu ya herufi yako ikifika na gari lako liko barabarani, unaandikiwa faini na gari linaburutwa. Hili hakuna aliyeniandikia kwenye barua ya kunikaribisha.

Karibu na hapo kuna Central Park, bustani ndogo iliyozungukwa na majengo marefu ya kupanga ambamo wageni wengi huanzia maisha. Alasiri ya kiangazi ukikaa kwenye benchi utasikia Kiswahili kuliko unavyotegemea, ila si cha Mombasa. Ni cha Bukavu, cha Uvira, cha watu waliokaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Kanada. Nilikwenda duka moja la Mkongo kutafuta unga mweupe, maana ule wa mahindi wa supamaketi ni wa njano na ugali wake mimi haunipiti. Mama mwenye duka alinitazama nikiyapekua majokofu, akacheka. "Papa, unatafuta nini? Sombe iko, mihogo iko, ndagala iko. Sema tu." Alitoa mfuko wa majani ya mihogo yaliyotwangwa na kugandishwa, mgumu unagonga meza, akaniuliza kama mke wangu anayaunga kwa mawese au kwa karanga. Nikamwambia kwa nazi. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akanipa na kichupa cha mawese. "Mpelekee mama, ajaribu. Akikataa, rudisha."

Nazi yenyewe niliipata kwa Wafilipino. Wako wengi sana Winnipeg, na maduka yao ni ukombozi wa mtu wa pwani: nazi iliyokunwa na kugandishwa, majani ya mgomba, muhogo, na samaki ambaye nilimtazama mara mbili nisiamini macho, mwatiko, yule yule anayefugwa kwenye madimbwi ya Kilifi, amelala kwenye barafu na jina lingine. Tui la kopo linafaa kwa wali ukiwa na haraka. Kwa mbaazi za Jumapili na mahamri, mke wangu anataka nazi aliyoikamua mwenyewe, na sina ubishi naye.

Wanaotaka kuja huanza kwa kuniuliza baridi, nami huwaambia baridi ina kanuni, na mwenye kuifuata haimshindi. Januari usiku hufika nyuzi thelathini chini ya sifuri bila kushangaza mtu, na upepo wa uwandani hauna kilima cha kuuzuia. Watabiri wa hali ya hewa hutangaza namba mbili, ya baridi na ya baridi ikichanganywa na upepo. Angalia ya pili. Ikishuka kati ya 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika kumi hadi thelathini, kwa hiyo swali la maana ni utasimama nje dakika ngapi. Koti usinunue Mombasa. Zile za kule zimetengenezwa kwa baridi ya Limuru. Njoo na la kukufikisha, kisha uende kwenye maduka ya mitumba ya huku. Ndiyo, mitumba ipo, na makoti ni mazito na bei yake ni ya kibinadamu. Yatakayobaki huenda siku moja yakafika soko la Kongowea, Mombasa. Viatu ndivyo vya kutolea pesa mpya. Vichukue vikubwa namba moja, uvalie soksi mbili, kwa sababu kiatu kinachobana hakina hewa ya kushika joto. Ndani ya nyumba hewa inakuwa kavu, pua inatoka damu, ngozi inapauka hata uipake nini. Sisi hupaka mafuta ngozi ikiwa bado na maji ya kuoga.

Na gari huchomekwa. Ukipita maegesho ya hapa utaona waya umening'inia mbele ya kila gari kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Ule ni wa hita ya injini. Usiku wa baridi kali unauchomeka kwenye plagi ya nje ili asubuhi injini ikubali kuwaka. Bima ya lazima ya gari Manitoba, mkoa wetu, inatoka kwa shirika moja tu, la umma, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta ya bei nafuu. Leseni ya kigeni utaitumia miezi mitatu ya mwanzo. Anza taratibu za ya huku mwezi wa kwanza, maana foleni ya mtihani haikungoji.

Kama huna gari, chagua nyumba kwa miguu yako. Juni 2025 jiji lilipangua njia za mabasi karibu zote: njia chache zaidi, zilizonyooka zaidi, zinazopita mara nyingi zaidi, lakini vituo vingine vikawa mbali na nyumba za watu. Ushauri wa aliyeishi hapa kabla ya hapo usiufuate kwa basi. Mimi kabla ya kusaini mkataba nilitembea kutoka mlangoni hadi kituoni nikiwa na saa mkononi, nikaikataa ile ghorofa yenye kodi nafuu zaidi. Dakika kumi na mbili ni matembezi mazuri Septemba. Januari ni jambo lingine.

Kupata nyumba kwa anayefanya kazi ya mbali kuna kizingiti chake. Wenye nyumba hupenda kuona hati ya mshahara ya mwajiri wa Kanada, nami nilikuwa na barua ya Nairobi ambayo mmoja aliirudisha kwangu kama risiti ya duka lililofungwa. Aliyenikubali nilimpelekea taarifa za benki za miezi sita na barua ya mke wangu ya kazini. Kuna anayekuja na pupa ya kulipa kodi ya nusu mwaka mbele ili apewe ufunguo. Fahamu kwanza kwamba Manitoba amana ya nyumba haizidi nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Anayedai zaidi anajua anachofanya. Uliza pia kama joto na maji vimo ndani ya kodi, na kama nafasi ya gari ina plagi. Piga picha kila ukuta na kila doa siku unapoingia.

Bei ya dukani siyo bei. Kwenye rafu imeandikwa kumi, ukifika kwa mhudumu inakuwa kumi na moja na senti ishirini, kwa kuwa kuna kodi ya asilimia 5 ya serikali kuu na 7 ya mkoa. Unga, mchele, nyama na mboga vimesamehewa.

Kodi ya mapato ndiyo inayowakamata wengi wa kazi za mtandaoni, na hapa niruhusu nizungumze kama mtu wa hesabu. Ukishakuwa mkaazi wa Kanada, Kanada inataka kujua kipato chako chote, popote kilipotoka. Kampuni ya Nairobi haikukati kodi ya huku, kwa hiyo pesa inaingia nzima na inakuvimbisha kichwa. Mimi sasa wananilipa kama mkandarasi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 5.95 ya pensheni ya taifa na mwajiri hutoa sawa na hiyo. Anayejiajiri hutoa zote mbili, asilimia 11.9 ya kinachozidi dola 3,500 hadi kikomo cha mwaka, kisha ndiyo kodi yenyewe ifuate. Fomu unaweza kupeleka hadi 15 Juni, lakini deni linatakiwa 30 Aprili, na riba inaanza kuhesabiwa hapo. Natenga karibu theluthi ya kila malipo kwenye akaunti ambayo kadi yake sitembei nayo. Kama Kenya imekukata kodi ya zuio, tunza cheti chake; Kanada ina mkataba wa kutotoza mara mbili na Kenya, na Tanzania pia. Sehemu ya kodi ya nyumba na intaneti, kwa kadiri ya chumba unachofanyia kazi, hupunguzwa kwenye hesabu. Ile barua ya mamlaka ya kodi inayothibitisha hesabu zako za mwaka usiitupe. Siku utakayotaka mkopo wa nyumba, benki itataka kuona zaidi ya moja, na hiyo ndiyo itakuwa hati yako ya mshahara.

Wengine huniuliza kama wanaweza kuja kama wageni tu, na kompyuta zao. Kanada inamruhusu mgeni mwenye kibali cha kutembelea kuendelea kumfanyia kazi mwajiri wa nje, kwa kawaida hadi miezi sita. Lakini hana kadi ya afya, na bila kadi hiyo mguu uliovunjika kwenye barafu ni deni. Mkaazi wa kudumu anaipata kadi ya mkoa. Humwona daktari bila kulipa, ingawa meno, miwani na dawa za duka la dawa kwa sehemu kubwa ni mfuko wako. Daktari wa familia jiandikishe mara tu kadi inapofika. Mimi nilisubiri miezi.

Shemeji yangu anakuja Januari na kazi yake ya programu za kompyuta. Mwajiri wake yuko Kampala, saa zile zile za Nairobi. Aliniuliza alete koti gani. Nikamwambia koti tutalitafuta akishafika, yeye kabla ya kukata tiketi apate kwa maandishi saa ambazo ofisi itamhitaji. Amewaomba iwe saa tatu za pamoja kwa siku, kuanzia saa nane mchana yao. Wao wanataka nne, kuanzia saa saba. Hiyo huku ni saa kumi alfajiri. Bado wanavutana.